Hori Lisilojaa

Mama alitapika kuanzia Makambako hadi Chalinze. Kondakta alimpa mfuko wa nailoni, baadaye akampa ndoo yake ya kuoshea vioo, na baba, aliyekaa kiti cha nyuma yetu na masanduku miguuni, kila mara aliinama mbele kumuuliza kama anataka maji. Mimi nilikuwa dirishani, nimempakata mdogo wangu Neema. Nilikuwa na umri wa kusoma mabango ya barabarani, lakini bado sikuwa na umri wa kujua kwamba mtu hatapiki safari nzima kwa sababu ya basi tu.

Tulitoka Njombe alfajiri ya baridi, tumevaa masweta, na kadiri tulivyoshuka tuliyavua mpaka tukafika Dar es Salaam na fulana zilizolowa jasho. Tulilala kwa mama mdogo, ambaye alimtazama dada yake pale mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka kutukaribisha. Kisha tukaenda Kisiju, kwa gari lililozama mchangani tukashuka wote kulisukuma, isipokuwa mama. Kisha boti ya mashine iliyobeba saruji, mbuzi na magodoro. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na uhamisho wake ulikuwa wa Mafia. Kule kwetu watu walimuuliza amemkosea nani. Ndani ya boti mama alijilaza juu ya magodoro ya watu akafunga macho. Mwenye magodoro, mzee mwenye kofia ya kushona kwa mkono, alimtazama akasema, "Mwacheni. Godoro ni la kulaliwa."

Kitu cha kwanza nilichokijua cha kisiwa kile ni harufu. Nyumba tuliyopewa ilikuwa kijijini, upande wa kwenda Utende, karibu na pwani ya mikoko, na upepo ulipogeuka harufu iliingia kwa dirisha kama mtu asiyebisha hodi. Ilikuwa kama mayai viza yaliyovunjiwa ndani ya tope. Mama aliziba pua kwa khanga. Mimi niliamini kwamba kuna maiti mahali.

Mwaka huu nilikuwa Pangani, nimelala nyumba ya wageni kama nilivyolala nyumba za wageni za nusu ya nchi hii, maana kazi zangu zote zimekuwa za kwenda na kurudi: lori, vitunguu, mbao, tena lori. Asubuhi upepo uligeuka na harufu ile ile ikaingia. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Mhudumu alipokuja kugonga kuuliza kama nitakunywa chai, nilimuuliza nyuma huko kuna nini. "Kina mama wanafukua makumbi," alisema. "Samahani kwa harufu." Nilimwambia hakuna ubaya. Sikunywa chai.

Makumbi ni maganda ya nazi. Kule Mafia wanawake waliyafukia kwenye mashimo ya tope ufukweni, wakayawekea mawe, wakayaacha miezi yaoze, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa gongo mpaka zikabaki nyuzi tupu. Nyuzi hizo ndizo usumba, na usumba ndio husokotwa kamba. Jirani yetu Bi Mosi, mjane ambaye ua wake na wetu ulitenganishwa na kuti moja, alifanya kazi hiyo maisha yake yote. Siku ya kwanza alipotuletea muhogo alimwona mama ameziba pua.

"Utaizoea, mwanangu," alimwambia. "Mimi siku nisipoisikia ndipo najua nina mafua."

Mama akacheka. Mimi nikasogea na adabu zangu za bara. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu."

Nilishtuka, nikamtazama mama. Sikujua bado kwamba pwani bibi humtania mjukuu hivyo, na kwamba kuanzia siku ile nilikuwa nimeoa. Bi Mosi aliniuliza posa iko wapi. Alinitangaza kisimani. Nikipita na vitabu aliwaambia wenzake wanipishe, mumewe anakwenda kazini. Mjukuu wake wa kweli, Shafii, wa rika langu, alilazimika kuniita babu, na alifanya hivyo kwa dharau kubwa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Kwetu Njombe, majuma yale ya kungoja Krismasi, mama alikuwa na desturi aliyoirithi kwa mama yake. Aliweka hori dogo pembeni mwa sebule, tupu, na kila mtoto akitenda jambo jema alitia ndani yake jani moja kavu, ili Mtoto Yesu atakapolazwa usiku wa Noeli asilale juu ya mbao. Hakuna aliyeuliza umefanya nini. Hutaji, unaweka tu na kuondoka. Na majani yakishaingia hayatoki. Hilo alilisisitiza kwa sababu baba, mwalimu hadi kwenye mifupa, alitaka watoto wakikosea wanyang'anywe.

"Hapana," mama alimwambia. "Jema likishatendwa limetendwa. Majani hayarudi porini."

Mafia hapakuwa na nyasi kavu kama zile za kwetu. Mvua za vuli zilikuwa zimeacha kila kitu kibichi. Baba alipigilia hori kwa mbao za dawati lililovunjika shuleni. Ubao mmoja bado ulikuwa na majina yaliyochongwa kwa wembe, na karibu na ukingo ulikuwa na tundu la mviringo la kuwekea kichupa cha wino. Mimi ndiye niliyependekeza usumba. Nilikwenda kwa Bi Mosi, nikasimama.

"Unataka nini, mume wangu?"

"Usumba. Kidogo kidogo kila siku."

"Wa kufanyia nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza huku gongo likiwa limetulia mkononi. "Nabii Isa," alisema. "Kwetu sisi Bi Mariamu uchungu ulimshika chini ya mtende. Akautikisa, zikamdondokea tende. Basi mnazi na mtende ni mtu na dada yake. Chukua." Kisha akaongeza, "Na leo umefanya jema gani?"

"Hatusemi."

"Vizuri. Sadaka ya siri ndiyo sadaka."

Mama hakuliona hori likifika popote. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu safarini, kisha ikavimba mikono, kisha asubuhi uso ukawa kama wa mtu mwingine aliyefanana naye. Neema alikuwa na mchezo wa kumbonyeza mguu kwa kidole na kungoja shimo lijae. Mwanzoni lilijaa upesi. Baadaye tulikuwa tunaweza kwenda uani na kurudi tukalikuta bado lipo. Mganga wa zahanati alimwambia baba maneno ambayo baba hakuyarudia nyumbani. Ikaamuliwa apelekwe hospitali kubwa Dar, akae chini ya uangalizi wa mama mdogo. Lori la nazi lilikuja kumchukua kumpeleka Kilindoni kwenye boti. Walimpandisha mbele kwa dereva. Alitoa mkono dirishani akatushika mashavu, mimi kisha Neema.

"Msaidieni baba," alisema. "Na hori lisikae tupu."

Neema alilia siku ile na ya pili yake. Hakula. Alikwenda kusimama barabarani kila aliposikia injini. Baba hakuwa mtu mbaya, lakini alijua njia moja tu ya watoto, ile ya darasani: ukitaka watulie wape kitu cha kufanya na uwaambie watapata nini mwisho wake. Alimbeba Neema, akamleta mbele ya hori, akatuchuchumalia.

"Nisikilizeni," alisema. "Hori hili likijaa mpaka ukingoni, mama yenu atakuwa amerudi. Mnanielewa? Kazi yenu ni kuwa watoto wema. Mkiwa wema, litajaa."

"Na tukiwa wema sana?" niliuliza.

"Litajaa mapema."

Nimekuwa mtu mzima muda mrefu sasa, na kila mwaka ikifika Desemba nasikia wazazi madukani na stendi wakiwaahidi watoto: ukiwa mzuri utapata hiki, ukileta ukorofi hupati kile. Nafikiri sisi wa rika hili wengi tulilelewa hivyo na hatukuharibika. Viatu, soda, gauni la kushona. Ni jambo la kawaida. Lakini baba alikuwa ametuahidi mtu.

Basi tukawa wema. Sijawahi kuona wema kama ule wa nyumba yetu majuma yale. Nilichota maji kabla sijaamshwa. Niliosha sufuria nje na ndani, nikamwachia Neema kipande kikubwa cha papa, nikamtafuta mbuzi wa jirani aliyekata kamba mpaka nikamkuta kwenye mihogo ya watu, nikamwongoza kwao bila kumpiga. Neema alifagia. Alikuwa mfupi kuliko ufagio na alihamisha tu vumbi kutoka pembe moja kwenda nyingine, lakini baada ya hapo alikwenda kwa Bi Mosi na kiganja wazi, akarudi na nyuzi zake, akazitia horini akinitazama kwa fahari. Usumba ukapanda. Ulifika chini ya majina yaliyochongwa, ukayapita, ukafika kwenye tundu la wino, nyuzi zikaanza kuchomoza nje kama masharubu. Ilibaki sehemu ya vidole tu kufika ukingoni.

Wakati huo mtu mmoja alishuka kwenye boti Kilindoni, akaja mpaka shuleni kumtafuta baba. Sisi tuliona tu baba amerudi nyumbani kabla ya kengele. Alisema ameitwa semina, atakuwa hayupo kidogo, tutakaa kwa Bi Mosi. Alipakia shati jeupe. Aliporudi alikuwa amenyolewa kichwa chote.

"Nywele ziko wapi, baba?" Neema alimuuliza.

"Joto," alisema. "Dar kuna joto."

"Semina ilikuwa Dar? Ulimwona mama?"

Baba alikuwa anavua viatu. Alivivua taratibu sana, kamba moja baada ya nyingine. "Nilimwona," alisema. "Amelala."

Tuliridhika. Mgonjwa hulala.

Baada ya hapo kisiwa kilibadilika, na mimi nikaona nimeelewa kwa nini. Watu walianza kutujali. Mwenye duka, ambaye kabla ya hapo alinifukuza nikiegemea kaunta, alinipa kashata bila kuombwa. Wavuvi wakitoka pwani waliacha samaki mlangoni kwetu na kuondoka bila kungoja baba aje. Wanawake kisimani walinitekea maji wao, nikakosa jema la asubuhi. Na kila mtu, wakubwa kwa wadogo, alipopita karibu yangu alinipapasa kichwa. Mzee wa msikitini alisimama njiani, akapitisha mkono kutoka utosini hadi kisogoni, polepole, midomo ikicheza, kisha akaenda zake. Mke wa mwenye duka, mpiga makasia wa kuvusha watu Chole, hata vijana waliozoea kunirushia embe bichi, wote walinipapasa mimi na Neema kama watu wanaogusa kitu cha thamani.

Niliona ni haki yetu. Wema wetu ulikuwa umeenea. Niliwaza pengine Bi Mosi amewaambia tunavyochukua usumba, na wamehesabu wenyewe wakajua. Nikaanza kutembea polepole nikipita penye watu, ili wanifikie vizuri.

Jambo moja tu lilinitatiza. Bi Mosi aliacha kuniita mume wake. Nilipomwamkia alisema, "Marahaba, mwanangu," akanipa usumba mwingi kuliko nilioomba, akatazama pembeni. Nilidhani nimemuudhi. Nilimpelekea maji. Alilia alipoyapokea, akasema moshi.

Siku moja Neema aliiba sukari. Alikutwa na mdomo mweupe, na mkebe chini. Nikaona juma zima la mema linakwenda na maji, nikasema ni mimi niliyemlisha. Baba alichukua fimbo juu ya mlango. Nilinyoosha mkono kama darasani nikafumba macho, huku nikiwaza kama uongo wa kumwokoa mdogo wako unaingia upande wa mema au mabaya. Fimbo haikushuka. Nilipofumbua, baba alikuwa ameishusha kando ya mguu wake.

"Nendeni mkacheze," alisema.

Hilo nalo nikaliweka kwenye hesabu yangu. Hata fimbo ilikuwa imekubali kwamba sisi ni watoto wema.

Isipokuwa hori. Asubuhi moja nilipokwenda kutia nyuzi zangu niliona mwanga unapita kwenye tundu la wino. Usumba ulikuwa umeshuka. Nilidhani umelala wenyewe kwa uzito, nikauchambua ukapanda kidogo. Kesho yake ulikuwa chini ya tundu. Tuliongeza. Ukashuka. Tulitia asubuhi na jioni, na kila tulipoamka ulikuwa chini zaidi, mpaka majina yaliyochongwa yakaonekana tena yote.

"Panya," Neema alisema.

Niliwinda panya. Nilinyunyiza majivu kuzunguka hori, nikayakuta majivu yako vilevile, isipokuwa yamefagiwa upande mmoja. Nikamwuliza baba.

"Sijui," alisema. "Labda mnatia kidogo."

Basi nikarudi ndani yangu kutafuta kosa. Mama alisema majani hayarudi porini, kwa hiyo kama yanarudi kuna mtu ametenda jambo kubwa kupita desturi ya mama. Nilikumbuka kwamba ndani ya basi niliona aibu mama akitapika, nikageukia dirishani. Nilikumbuka kwamba nilisinzia kwenye rozari. Nilianza kumwambia baba makosa hayo moja moja wakati wa kula, na mengine ambayo sina hakika kama niliyatenda. Alinisikiliza akiwa ameshika tonge. Kila mara alisema, "Umesamehewa. Kula." Na kila asubuhi hori lilikuwa chini. Mkesha wa Noeli wa watoto wengine huwa wa furaha. Ule wangu nilikaa mbele ya lile sanduku, nikaona chini ya usumba mbao zinaanza kuchungulia, nikajua mama haji, na kwamba ni mimi.

Siku ya sikukuu baba aliamka akapika pilau. Hakuwa mpishi. Alimvisha Neema gauni jipya, akatusomea Injili sebuleni, sisi watatu, sauti yake ikipotea kila alipofika kwenye neno mama. Kijijini pale ilikuwa desturi: Idi walituletea sahani zao, Krismasi tuliwapelekea zetu. Baba alipakua, akafunika kwa kawa, akanituma. Nilipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba mkono ulikuja kichwani. Sikuufurahia tena. Nilihisi nawadanganya, maana hawakujua habari za hori.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mosi. Hakuwepo, alikuwa pwani. Shafii alikuwa kizingitini anakula embe. Nilimpa sahani. Aliiweka chini, akajifuta vidole kwenye kaptura, akainuka akanipapasa kichwa kama mzee, kutoka mbele hadi nyuma.

Nikamsukuma. "Na wewe una nini?"

"Nachukua thawabu."

"Thawabu ya nini?"

"Ya kichwa chako. Unywele mmoja thawabu moja. Mwalimu wetu wa Kurani kasema. Nimechelewa, wenzangu wote wameshakupitia."

"Kwa sababu mimi mtoto mwema."

Shafii alicheka, embe likamtoka puani kidogo. "Wewe? Kwa sababu yatima."

"Yatima ni aliyefiwa na baba. Baba yangu yupo anapika."

"Wa mama pia. Nilimuuliza bibi, akasema uchungu ni ule ule." Kisha akanitazama vizuri, na nikaona uso wake unavyobadilika, unavyopungua. "Babu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo bila dharau. "Hujaambiwa?"

Nilirudi nyumbani bila kukimbia. Nakumbuka njia, kaa wekundu wakijificha mashimoni mmoja mmoja mbele ya miguu yangu. Baba alikuwa uani anakwangua ukoko wa sufuria.

"Mama amekufa?"

Kijiko kiliendelea kukwangua kidogo, kisha kikaacha. "Nani kakuambia?"

"Amekufa?"

"Nilitaka mle sikukuu kwanza," baba alisema. "Nilitaka mle tu sikukuu."

Bi Mosi alitoka pwani na matope mpaka magotini, akatukuta hivyo. Hakuuliza. Alimchukua Neema. Wakati anapita karibu na baba alisema kwa sauti ya chini, ila niliisikia, "Nilikwambia, Mwalimu. Msiba haufichiki kwa mtoto. Unamzunguka tu." Baba akajibu, "Ndiyo, mama."

Tangu siku ile mtu akinitendea wema wa ghafla, kwanza huwa najiuliza nani amekufa. Nimeacha kazi nzuri kwa sababu hiyo, na miji, na mwanamke mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kunipitishia mkono kichwani nikiwa na homa. Sijui kuieleza zaidi ya hapo. Najua tu kwamba naondoka.

Baba aliomba kurudi bara, akakubaliwa muhula uliofuata ulipokwisha. Hatukuwa na vitu vingi. Magodoro yalikwenda kwa majirani, hori likabaki uani kwa Bi Mosi, ambako kuku mmoja alikuwa ameshalipenda na kutagia humo. Baba alichukua masanduku, sufuria na mto wa mama, ule wenye foronya aliyoidarizi maua mwenyewe. Aliubeba mwenyewe kwapani mpaka Kilindoni, hakuuweka kwenye lori pamoja na vitu vingine.

Bi Mosi alikuja kutusindikiza. Alisimama mchangani na buibui lake likipigwa na upepo. Aliinua mkono kuelekea kichwani kwangu, na mimi nikainama nikaukwepa. Mkono ukabaki hewani. Akautazama, akaurudisha, akaushika kiunoni.

"Haya, mume wangu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na ufukwe mzima. "Ndiyo unaniacha hivi hivi, hata talaka hujanipa?"

Wapagazi walicheka. "Mpe moja, kijana," mmoja alisema. "Akae eda."

"Simpi," nilisema.

"Basi mimi bado mkeo," Bi Mosi alisema, akageuka upesi, akaondoka, na hakutupungia.

Boti ilijaa. Tulikaa karibu na mashine, na kisiwa kilianza kuwa chembamba nyuma yetu, minazi yote ikawa mstari mmoja. Neema alisinzia. Baba alimlazia kichwa kwenye mto wa mama. Alilala kidogo, kisha akanyanyua uso akiwa amekunja pua. Aliugusa mto, akaubonyeza kwa kidole kama alivyokuwa akiubonyeza mguu wa mama, ukatoa mlio mkavu wa nyuzi.

"Baba," alisema, "mto huu unanuka hori."

Baba alikuwa anatazama maji. Hakugeuka.

"Lala," alimwambia.

Neema alirudisha kichwa. Mimi niliuangalia ule mto, ulivyotuna, mshono wake wa upande ulivyofungwa kwa uzi mweusi na mkono usiojua kushona. Mema yetu yote yalikuwa mle ndani, ya kwangu na ya Neema, hakuna hata unyuzi uliokuwa umepotea. Nilinyoosha miguu yangu, nikalaza kichwa upande wa pili wa mto, na sikumwambia baba kwamba nimejua.